Nataka kumpeleka binti yangu wa miaka 14 akaishi Pangani nilikokulia. Mliokulia miji midogo, nishaurini

Mtoto wa Kivukoni (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie, maana jambo lenyewe limenikosesha usingizi mwezi mzima.

Nimekulia Pangani mjini, hatua chache kutoka kivukoni. Darasa la saba nilimaliza 1995, kidato cha nne 1999, kwa hiyo ujana wangu wote wa kuota ndevu na kutumiana vikaratasi na wasichana uliishia palepale, kati ya mto, bahari na minazi. Sasa naishi Dar, huku Chanika. Binti yangu wa kwanza ametimiza miaka 14. Mama yangu mzazi bado yuko Pangani, nyumba ileile. Nataka kumhamishia binti kule, asome kule, alelewe na bibi yake kama nilivyolelewa mimi. Mke wangu hataki kusikia. Nikamwambia ngoja niulize watu waliokulia miji ya namna ile.

Kwa msioijua: Pangani iko kama kilomita 50 kusini ya Tanga. Mto unaoanzia huko Kilimanjaro na Meru unamwaga maji yake baharini pale. Mji uko upande wa kaskazini, ng'ambo ni Bweni, katikati kuna kivuko. Siku zetu barabara ya Tanga ilikuwa ya vumbi, na masika yakikaza ilikuwa ya tope, gari halifiki. Historia ya mji ni kubwa kuliko mji wenyewe. Ndipo Wajerumani walipomnyonga Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita vya pwani vya kuwapinga, Desemba 1889. Ng'ambo ya mto, Kikogwe, ndipo ulipopandwa mkonge wa kwanza, ule alioleta Mjerumani Hindorf 1893. Lakini hayo tuliyaacha kwa mwalimu wa historia. Sisi vijana tulichokijua ni ukimya.

Na ukimya wenyewe ni wa saa nane mchana. Aliyekulia pwani anaijua saa nane. Adhuhuri imeshaswaliwa, watu wamekula, maduka yameegesha milango, wazee wamejilaza barazani kikoi kimefunika uso. Hakuna mtu njiani, hata mbuzi wamejificha kivulini. Unakaa kwenye ngazi ya nyumba yenu, una miaka 15, huna pa kwenda, na unasikia nazi ikidondoka mtaa wa pili. Puu. Kisha kimya tena. Jumapili redio ikitangaza mpira kutoka Uwanja wa Taifa, mimi nilikuwa sisikilizi mpira, nasikiliza kelele za watu nyuma ya mtangazaji. Zile kelele ndizo zilizonikondesha. Kumbe kuna mahali watu ni wengi kiasi kile, na mimi nimewekwa huku.

Jioni ndiyo mji ulikuwa unapumua, na ulipumulia kivukoni. Baiskeli zenye magunia ya nazi, akina mama na ndoo za samaki, wanafunzi wa Bweni wanarudi kwao, lori moja la mkonge limekaa katikati kama mzee wa shughuli. Mlango wa kivuko ukishuka ulikuwa unakwaruza zege, sauti ile naisikia hadi leo. Tulikuwa tunapanda kwenda ng'ambo na kurudi, bila safari yoyote, kwa ajili tu ya kuwa mahali penye watu wanaoondoka.

Sasa niwaeleze kwa nini naukumbuka mji ule kwa mapenzi. Nikiwa kidato cha pili tukasikia kuna mechi Mkwakwani. Coastal Union ndiyo timu ya mkoa, wazee wetu walikuwa bado wanasimulia ubingwa wake wa 1988 kama umechukuliwa jana. Nikamwambia mama naenda shamba kwa mjomba, nikapanda gari la samaki, nikakaa kati ya matenga hadi Tanga. Mpira niliuona. Gari la kurudi sikuliona. Nikalala kwenye baraza ya msikiti. Kesho yake nashuka Pangani, muuza kahawa ananitazama, ananiuliza, "Goli la pili lilikuwaje?" Nikajua habari imefika kabla yangu. Nyumbani mama hakunigusa. Aliniwekea bada, ugali wetu wa muhogo, na samaki, akakaa mbele yangu mpaka nikamaliza, ndipo akaniuliza, "Jana ulikula?"

Huo ndio mji ninaoutaka kwa binti yangu. Mji ambao ukipotea kwa siku moja, watu watatu wameshampa mama yako habari zako. Hapa Chanika sijui jina la jirani wa nyumba ya tatu.

Naombeni mawazo yenu, kwa heshima zote.


Reli ya Kati

Mkuu umenirudisha Kilosa. Nimeusoma mara mbili, ile saa nane mchana ni yetu pia, ila sisi badala ya nazi tulikuwa na njiwa wa stesheni.

Mji wetu ulikuwa unalala mapema halafu unaamka usiku wa manane, treni ya Kigoma inapofika. Mimi nilianza kuuza dirishani nikiwa na miaka 13, miaka ya themanini. Mayai ya kuchemsha na chumvi kwenye kikaratasi. Treni ikisimama una dakika chache tu, unakimbia na sinia kichwani kutoka behewa hadi behewa, nyuso zinakuchungulia kutoka juu, taa za ndani zinawamulika watu waliochoka, kila mmoja ana salamu ya kwao. Mwangaluka niliijulia pale, kabla sijamwona Msukuma kwa mchana.

Usiku mmoja msichana wa rika langu alichukua mayai mawili akanipa noti. Nikiwa natafuta chenji, treni ikavuta. Nikakimbia nayo mpaka jukwaa likaisha. Chenji ile niliifunga kwenye kitambaa, na kwa muda mrefu kila treni ikija napita behewa zote nikitazama madirisha. Sikumpata. Ninachotaka kusema ni kwamba nilikuwa na kitu cha kusubiri, na kijana wa mji mdogo bila kitu cha kusubiri anaharibika, nimewaona. Wenzangu ambao hawakuwa na biashara ya stesheni waliingia kwenye gongo wakiwa na miaka 16.

Mafuriko ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 yalipozoa reli kati ya Kilosa na Gulwe, nilikuwa nimeshahama zamani. Nikampigia dada yangu kumuuliza hali. Jambo la kwanza aliloniambia, baada ya habari za nyumba zilizoenda na maji, ni kwamba usiku umekuwa mrefu kwa sababu treni haipiti.

Kwa hiyo swali langu: binti yako Pangani atakuwa anasubiri nini?


Mkaa Mbali

Nimeweka kambi hapa. Mimi ni wa Nachingwea, nitarudi kuandika vizuri nikitoka kazini.


Mkomani hadi Majengo

Assalaam aleikum. Mimi naandika kutoka Mombasa, na nimeingia kwa sababu yale unayotaka kumfanyia mwanao mimi nilifanyiwa.

Nilizaliwa Majengo. Nikiwa na miaka 15 baba aliona naandamana na watu wasiofaa, na kusema kweli hawakufaa. Siku moja alfajiri akaniamsha, akanipandisha basi, mchana kutwa tuko njiani, tukashuka Mokowe, tukavuka kwa mashua hadi Amu, yaani Lamu mjini. Akaninywesha chai kwa nyanya yangu Mkomani, akaongea na wazee, na siku ya pili akarudi zake. Hakuniambia nakaa muda gani. Hakuniambia kwa nini. Mkoba wa nguo aliubeba yeye njia nzima, kwa hiyo sikujua hata kwamba nguo zilizomo ni zangu peke yangu.

Lamu ni pazuri, nakubali. Vichochoro havina gari, ni punda na watu, jioni wote wako ufuoni, na Maulidi yakifika mji unafurika wageni. Lakini kwa miezi mitatu sikuuona uzuri wowote. Niliona nimetupwa. Kila mtu alijua nimeletwa kwa kosa, na walikuwa wananiita "yule wa Mombasa" nikisikia. Macho unayoyasifu, ndugu yangu, yana uzito mwingine ukiwa wewe ndiye uliyeletwa. Wewe ulikuwa mtoto wao. Mimi nilikuwa kesi.

Aliyeniokoa ni fundi wa milango, mzee wa karibu na nyumba ya nyanya. Nilikuwa nakaa kwenye kivuli cha karakana yake kwa sababu sikuwa na pengine. Hakuniuliza habari za Mombasa hata siku moja. Wiki ya pili akanipa patasi na kipande cha mbambakofi kilichobaki, akanichorea ua kwa penseli, akasema toa hapa, acha hapa. Mti ule ni mgumu, patasi inarudi. Niliharibu vipande sijui vingapi. Ua la kwanza lililokuwa ua nililimaliza baada ya mwezi, na yeye akalipiga msasa kimya kimya, akalipachika juu ya mlango wa dukani kwake. Watu wakiuliza nani kachonga, anasema huyu. Siku hiyo ndiyo nilianza kuishi Lamu.

Baba alikuja kunichukua baada ya mwaka na nusu. Ameshafariki, Mungu amrehemu, na sijamlaumu, lakini mpaka anaondoka hatukuwahi kuzungumza kuhusu alfajiri ile.

Sasa nikuulize. Binti anajua? Umemuuliza? Na kuna nini ambacho hujatuambia? Maana mtu haamui tu siku moja kumhamisha mtoto wa kike wa miaka 14 kwa ajili ya upepo wa bahari.


Mtoto wa Kivukoni (mleta uzi)

Ndugu yangu wa Mombasa, swali lako nimekaa nalo siku mbili. Nitasema ambalo sikulisema.

Natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, narudi saa tatu usiku, siku nyingine saa nne. Mama yake ana biashara sokoni. Mwezi wa tatu nilikuta kwenye simu ya binti meseji za mtu mzima. Anajiita mwanafunzi wa chuo, lakini nilipompigia ile sauti si ya mwanafunzi. Walikuwa wanaandikiana tangu Januari. Binti anasema hawajawahi kuonana, na mama yake amemhoji, naye anaamini hivyo. Nilimnyang'anya simu. Nilipiga kelele ambazo sijawahi kupiga ndani ya nyumba yangu. Tangu siku hiyo nikimuuliza jambo ananijibu "ndiyo baba" au "hapana baba", macho yako chini, anaingia chumbani.

Hajui kuhusu Pangani. Nilipanga kumwambia shule zikifungwa.

Nilitaka kumpeleka mahali ambapo mtu wa namna ile hawezi kumfikia. Hilo ndilo lote.


Dada wa Funguni

Kaka, shikamoo. Mimi ni wa Funguni hapohapo Pangani. Kwa miaka uliyoitaja nadhani umenitangulia madarasa mawili. Nilikuwa nasoma tu bila kuandika, lakini hiyo sentensi yako ya kwamba Pangani mtu wa namna ile hawezi kumfikia imenifanya nisimamishe kazi nilizokuwa nafanya.

Kivuko unachokisimulia nakijua. Nyinyi wavulana mlikuwa mnakipanda kwenda na kurudi. Sisi tulikuwa tunakisikia kutoka uani. Ukitumwa ng'ambo unatumwa na mdogo wako wa kiume awe shahidi. Wewe ulilala Tanga, ukarudi ukapakuliwa bada. Mimi nilionekana nimesimama posta na mvulana wa darasani, tunazungumza kuhusu mtihani, dakika tano hazifiki, nikafika nyumbani nikachapwa kabla sijavua viatu. Sikumlaumu mama. Alikuwa anaogopa, na alikuwa na sababu ya kuogopa.

Sababu yenyewe ni hii. Nilikuwa na mwenzangu, sitamtaja. Tulikaa dawati moja. Alikuwa na sauti ya kasida ambayo Maulidi ya mfungo sita walimu wa madrasa walikuwa wanamweka mbele, na akina mama wanafuta machozi kwa kanga. Kidato cha pili, 1999, akapata mimba. Mtu aliyempa mimba alikuwa na gari na mke na watoto. Alikuwa anampa lifti kutoka shuleni tangu mwaka wa nyuma. Mji mzima uliliona lile gari. Muuza kahawa wako aliliona, kaka. Watu waliojua nimesimama posta dakika tano walimwona yeye akipanda gari lile mwaka mzima, na hakuna aliyekwenda kwao kusema.

Shule ilimfukuza, ndivyo ulivyokuwa utaratibu. Alipelekwa shamba kwa ndugu, akarudi na mtoto mgongoni. Yule bwana hakuhojiwa na mtu. Sheria ya makosa ya kujamiiana ilikuwa imeshapitishwa, ya 1998, lakini sheria iko Dodoma na bwana yuko mtaani, anasalimiwa. 2016 wakarekebisha Sheria ya Elimu, anayempa mimba mwanafunzi ni miaka 30 jela. Novemba 24, 2021 ndipo serikali ikatangaza kwamba wasichana waliokatishwa masomo kwa mimba wanaruhusiwa kurudi shule. Mwenzangu aliisikia redioni akiwa anamimina vitumbua. Alikuwa na miaka 38. Alinipigia simu, hakusema neno la maana, aliniambia tu, "Umesikia?" Nikamwambia nimesikia. Tukabaki kwenye simu hivyo.

Sikuambii Pangani ni mahali pabaya. Mimi nilipona palepale, na nilipona kwa sababu ya mtu mmoja. Nilipovunja ungo mama alinipeleka kwa somo yangu, yaani mwanamke wa kunifunda, kama desturi, wa mtaa wa pili, mshonaji. Watu wa bara mnaweza msielewe, lakini somo si mama wala si shangazi. Kwake nilikuwa naweza kusema lolote na halitoki. Nilipopewa lifti na gari lilelile, mara moja, nilikwenda kwake moja kwa moja, sare bado mwilini. Aliacha cherehani. Aliniuliza alisema nini, alikugusa wapi, ulishukia wapi. Kisha akavaa buibui akaenda kumsubiri yule bwana nje ya duka lake. Sijui walizungumza nini. Gari halikunisimamia tena.

Mwenzangu mama yake alikuwa amefariki, na somo hakuwekewa.

Kwa hiyo kabla ya kumpeleka, niambie: mama yako ana umri gani, anasikia vizuri, usiku anaamka? Binti yako akipewa lifti na mtu anayemsalimia bibi yake kwa adabu kila siku, atamwambia nani? Huyo wa kwenye simu ulimkuta kwa sababu kuna maandishi. Wa mjini kwetu haandiki.


Wa Kondoa

Shikamooni wakubwa. Samahani kuingilia. Mimi nina miaka 17, nipo kidato cha tatu, msichana, naishi Kondoa mjini. Natumia simu ya kaka yangu, ndiye aliyenionyesha uzi huu.

Nilitaka kusema kwamba wote mnazungumzia miji midogo ya zamani. Sasa hivi kuna barabara ya lami tangu 2018, mabasi ya Arusha na Dodoma yanapita, na bando la wiki ni lilelile la Dar. Huyo mtu anayejiita mwanafunzi wa chuo na huku anafika. Darasani kwetu nawajua watatu wanaoandikiwa.

Ukimya upo, ni kweli. Baada ya Isha unasikia bodaboda moja moja na mbwa. Lakini si ukimya unaonisumbua. Kinachonisumbua ni kwamba hakuna wa kumuuliza. Ninataka kusomea mambo ya kale, kwa sababu ya michoro ya miambani ya Kolo. Imeorodheshwa na UNESCO tangu 2006, watu wanatoka Ulaya kuja kuiona, sisi wa hapa darasa letu zima tulikuwa hatujawahi kupelekwa. Nilikwenda mwaka jana na kaka kwa pikipiki. Kuna watu wamechorwa wembamba sana, warefu, kwa rangi nyekundu. Nililala nikiwaota. Lakini nikisema nyumbani wananiambia soma ualimu au unesi. Sijui mtu yeyote wa Kondoa aliyesomea jambo hilo, nitamuuliza nani anaanzaje? Mtu wa kwenye simu ndiye wa kwanza aliyeniambia "una akili sana". Ndiyo, na mimi nilikuwa na wangu.

Baba yangu aliona. Nilitetemeka. Hakunipiga. Alikaa kwenye kiti cha jikoni akaniuliza, "Huyu anakuambia nini ambacho sisi hatukuambii?" Nililia sana siku hiyo, kwa sababu nilikuwa na jibu.

Baba, samahani, nakuita baba kwa sababu una umri wake. Binti yako akikujibu "ndiyo baba", bado anakujibu. Mimi nilikuwa sijibu kabisa.


Reli ya Kati

Mwanangu wa Kondoa, nina rafiki aliyesomea mambo hayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hiyo fani ipo pale. Mwombe kaka yako aniandikie pembeni, nitawaunganisha, na mazungumzo yote yapitie kwa kaka na baba yako.


Mtoto wa Kivukoni (mleta uzi)

Wakuu, narudi na mrejesho. Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa safarini.

Dada wa Funguni, maneno yako nilimsomea mke wangu usiku, na nilipofika kwenye gari lile sauti iligoma. Nilikuwepo, dada. Nilikuwa kidato cha nne, miezi ileile tunajiandaa na mtihani. Mimi pia niliona lile gari. Nilikuwa na miaka 17 na sikufikiri kwamba kuona kwangu kunanidai chochote.

Nilichofanya ni hiki. Niliomba likizo kazini, siku kumi, nikamwambia binti tunakwenda Pangani mimi na yeye, tunarudi wote. Nilimwonyesha tiketi za kurudi kabla hatujaondoka. Ndugu yangu wa Mombasa, hilo ni kwa ajili yako. Mkoba wake aliubeba mwenyewe.

Pangani imebadilika. Tulikuta wanajenga daraja, mita 525, la kuunganisha barabara ya Bagamoyo na Tanga kwa kupitia Saadani. Tulivuka kwenda Bweni na kurudi, bila safari yoyote. Nikamsimulia habari ya matenga ya samaki na Mkwakwani. Alinitazama muda mrefu, akasema, "Kumbe bibi hakukupiga." Nikasema hakunipiga. Hakuongeza neno, na mimi nilielewa alichonyamazia.

Mama yangu amezeeka kuliko nilivyokuwa nataka kukubali. Haoni vizuri jioni, na usiku akilala amelala. Nilikuwa namtuma binti yangu kwa mwanamke wa 1997. Kwa hiyo hahamii. Atakuwa anakwenda likizo, na mama amemtafutia somo, binti wa yule mshonaji, naye ni mshonaji vilevile, ana cherehani mbili. Siku ya tatu walikuwa wanacheka huko uani mpaka nikaombwa nitoke nje niwaache.

Siku ya nne saa nane mchana nilikuwa kwenye ngazi. Akatoka, akakaa ngazi ya chini yangu. Hakukuwa na mtu njiani. Nazi ikadondoka mtaa wa pili, akashtuka, "Baba, nini hiyo?" Nikamwambia ni nazi. Tukakaa. Nilijizuia kuuliza chochote, na wakuu, kunyamaza kule kulinitoa jasho. Sijui ilipita robo saa au zaidi. Kisha akaanza, bila kunitazama, "Yule mtu aliniambia…" Akaeleza tangu Januari. Mengine yaliniuma, mengine nilikuwa nayajua. Jua lilihama ngazi mbili kabla hajamaliza.

Simu nimemrudishia. Mimi nimeomba zamu ya asubuhi tu, mshahara umepungua kidogo, jioni nakuwa nyumbani.

Dada wa Funguni, kuna jambo moja la mwisho. Kila asubuhi kuna mwanamke alikuwa analeta vitumbua pale kwa mama, binti yangu akawa anatoka kumpokea, wanakaa mlangoni wanazungumza. Siku ya kuondoka nikamsikia yule mama anamfundisha kasida, sauti ya chini, anarudia mstari mmoja mmoja. Nikamuuliza mama huyo ni nani. Mama akanitajia jina, akanitajia na mwaka.